Kitu gani kinachemka ndani ya bidoni?

Ndugu musomaji, na wewe mama unayesoma gazeti hili mbele ya duka lako kule kwenye machimbo, mwezi huu tuzungumze juu ya kasiksi. Ndiyo, umesoma vizuri. Wengine watauliza: muchungaji anatafuta nini katika pombe ya ndizi? Lakini kutoka Beni mpaka Butembo, na kuingia porini upande wa Manguredjipa pale watu wanachimba zahabu, nani hajui zile bidoni za njano za litre 20 juu ya pikipiki na juu ya chukudu? Tukinyamaza, hazitapotea. Na nyingi kati yao zinatoka katika jikoni za mama wa makanisa yetu wenyewe.

Kwanza tuone kazi yenyewe, maana wengi wanakunywa bila kujua. Ndizi za pombe zinakatwa zikiwa zimekomaa lakini bado kijani. Zinawekwa ndani ya shimo lililopashwa moto, zinafunikwa na majani ya mugomba na udongo, siku tatu mpaka sita. Hapa Butembo, kwenye mita karibu 1.800, baridi inachelewesha. Beni iko chini zaidi, joto linasaidia. Zikisha kuiva zinamenywa na kukandwa kwa mikono pamoja na nyasi. Nyasi inashika uji wa ndizi na kuachilia maji. Maji yale ya siku ya kwanza ni matamu sana, hata mutoto anayanywa bila shida. Kisha wanaongeza maji ya kawaida, wanatia unga wa mutama uliokaangwa, wanafunika. Kesho au kesho kutwa, ni kasiksi.

Ni nini imetokea usiku? Wazee walisema pombe "inachemka" bila moto, na hawakukosea sana. Juu ya ganda la ndizi, katika mutama, hata katika chombo cha jana, kuna viumbe vidogo sana, ndugu za ile levire unayotia katika mukate. Vinakula sukari na kutoa vitu viwili: alkooli na hewa. Hewa ndiyo inaleta povu, na hewa ndiyo inapasua bidoni iliyofungwa sana njiani (uliza motari yeyote). Mufaransa Louis Pasteur alionyesha mambo haya katika miaka ya 1850 na 1860. Kwao Ufaransa, upande wa Normandie, watu wanafanya vilevile na matofaa, wanaita sidre. Basi si uchawi.

Lakini kazi ile haisimami hapo. Kisha siku tatu au ine, vijidudu vingine vinaingia na kugeuza alkooli kuwa siki. Kasiksi inakuwa kali, hakuna munywaji anayeitaka. Ndiyo maana mama anayeuza ana haraka. Jioni anatoa kwa deni, hata kwa yule ambaye amekwisha kulewa. Na yule aliyelewa, mara nyingi, ni baba wa watoto wa jirani. Zahabu aliyotoa shimoni kwa wiki nzima inabaki kwenye meza ya pombe. Tangu mwaka 2019 shule ya musingi ya serikali ni bure, lakini minervale ya sekondari inangojea. Angalia ginsi mambo yalivyo: mama mumoja analipa minervale ya watoto wake na feza ambayo ingelipa minervale ya watoto wa mwenzake.

Nimesikia makanisa yanayomuzuia mama kama huyu kwenye meza ya Bwana. Sitaki kugombana na wazee. Ila kanisa linalomufukuza bila kumuuliza watoto watakula nini, kwangu limefanya nusu ya kazi.

Sasa tufike kwenye hatari. Kasiksi yenyewe si kali sana. Alkooli yake mara nyingi ni kati ya 2 na 5 kwa mia. Kanyanga ni kitu kingine. Pale pombe inapikwa ndani ya pipa na mvuke wake unakamatwa katika mupira, unapata kitu kinachoweza kupita 40 kwa mia. Tena kuna wafanyabiashara wanaoongeza metanoli, alkooli ya viwandani, ili kiwe kikali zaidi. Hiyo ni sumu. Nairobi, mwezi wa Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Kusini-magharibi ya Uganda, mwaka 2010, karibu na mupaka wetu, walikufa wengi vilevile. Huwezi kuijua kwa rangi wala kwa ladha. Mutu anaamka kesho yake na kichwa kuuma, tumbo kuuma, na macho yanaona kama ukungu mweupe. Watu wa nyumbani wanasema, "Mwache alale, ni pombe ya jana tu." Hapana! Mupeleke hospitali saa ileile. Akichelewa, anaweza kuwa kipofu au kufa.

Halafu maji. Kasiksi inachanganywa na maji yasiyochemshwa, na alkooli yake ni kidogo, haiwezi kuua vijidudu vya tifoide wala vya kolera. Kwenye machimbo ni mubaya zaidi, sababu watu wanaosha zahabu mutoni na zebaki. Zebaki haiondoki kwa kuchemsha maji. Kwa hiyo chota kwenye chemchemi iliyotengenezwa, juu ya machimbo, hata kama ni mbali. Na ile kopo moja inayozunguka midomo kumi? Tulipitia Ebola kutoka 1 Agosti 2018 mpaka 25 Juni 2020, tukazika watu zaidi ya 2.200. Wakati ule kila mulango ulikuwa na maji ya kunawa. Leo kopo imerudi kuzunguka.

Kwa mama anayetaka njia nyingine, maji matamu ya siku ya kwanza yanaweza kuuzwa. Yachuje na kitambaa safi, tia maji ya ndimu, pasha moto mpaka karibu yachemke, uyaache dakika kumi. Mimina yakiwa moto bado ndani ya chupa zilizochemshwa, ufunge palepale. Moto umeua levire, haiwezi kugeuza sukari tena. Weka pahali pa baridi na uuze ndani ya siku chache. Chupa ikitoa povu unapofungua, usiiuze kama juisi: imekwisha kuanza kuwa pombe. Faida yake si kubwa kama ya kasiksi, sitakudanganya. Lakini hata wale ambao hawanywi pombe watanunua, na hakuna atakayelala kwenye mufereji.

Yote hayo yanahitaji ndizi, na ndizi zenyewe ziko hatarini. Ugonjwa wa munyauko ulionekana Masisi mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisha ukafika kwetu. Majani yanageuka njano na kukauka, ndizi zinaiva mbele ya wakati, ukizikata ndani ni kahawia. Ndizi za pombe ndizo zinaumia upesi, kwa kuwa wadudu wanabeba ugonjwa kutoka ua mpaka ua. Na tangu mauaji ya Oktoba 2014 karibu na Beni, watu wengi walikimbia mashamba yao. Migomba ya wagonjwa ikabaki bila mutu wa kuikata. Wewe uliye na shamba bado, fanya hivi: kichane cha mwisho kikisha kutokea, vunja lile ua jekundu la chini na kijiti chenye panda, si na kisu. Mugomba wenye ugonjwa ukate karibu na udongo. Na panga lako, mbele ya kugusa mugomba mwingine, lipitishe kwenye moto mpaka liwe moto kabisa, hata kama ni la jirani aliyekuja kukusaidia.