Hedifoni za bei kubwa zinazozima kelele: zinalinda masikio au zinayaumiza?



Mwezi huu tuzungumze juu ya masikio. Wazazi kadhaa wameniuliza, wengine kliniki na wengine baada ya Misa, kuhusu zile hedifoni kubwa zinazofunika masikio yote mawili na kusifiwa kwamba zinazima kelele. Kijana anaziomba nyumbani, au ndugu aliye Ulaya anauliza kama atume hizo au atume ada ya shule. Bei yake si mchezo. Za Sony zilizotoka mwaka 2022 zilianza kuuzwa Marekani kwa dola 400 hivi, za Bose za mwaka 2023 kwa dola 429, na za Apple za mwaka 2020 kwa dola 549. Ukigeuza kwa shilingi za Tanzania, unaanzia kwenye milioni moja na kupanda. Kwa familia nyingi hiyo ni thamani ya ng'ombe, kwa hiyo ni haki mzazi kuuliza fedha hiyo inanunua nini.

Jinsi zinavyofanya kazi

Sauti ni mtikisiko wa hewa unaosafiri kama mawimbi ya ziwani, mara yanapanda, mara yanashuka. Ndani ya hedifoni hizi kuna vinasa sauti vidogo vinavyosikia kelele za nje. Kifaa hupima wimbi la kelele hiyo, kisha mara moja hutoa wimbi lake lililo kinyume: lile linapopanda, hili linashuka. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili kwa nguvu sawa, mlango hautikisiki. Yanapokutana, mawimbi hayo mawili hupunguzana, na sikio linapata utulivu.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mjerumani Paul Lueg alipewa hataza ya njia hii huko Marekani mwaka 1936. Mwaka 1978 Profesa Amar Bose, akiwa ndani ya ndege kutoka Zurich kurudi Boston, alikerwa na ngurumo ya injini iliyofunika muziki wake, akaanza kupiga mahesabu humo humo safarini. Mwaka 1989 kampuni yake ilianza kuuza hedifoni za namna hii kwa marubani, na mwaka 2000 zikaja za watu wa kawaida.

Habari hii ya ndege inafaa kukumbukwa, maana inaonyesha kifaa hiki kilitengenezwa kwa kelele ya aina gani. Kinaweza sana ngurumo nzito isiyokatika: injini ya basi, jenereta, feni. Hakiwezi vizuri sauti za ghafla au nyembamba, kama mtoto anayelia, honi, mbwa anayebweka, au majirani wanaogombana. Hizo hupunguzwa zaidi na mito laini inayofunika sikio kuliko na umeme. Anayenunua akitarajia ukimya kama wa kanisani usiku wa manane, atalaumu bure.

Wengine huuliza kama lile wimbi la kinyume linaumiza sikio kwa kuongeza sauti juu ya sauti. Haliumizi, kwa sababu mtikisiko unaofika kwenye ngoma ya sikio unapungua. Wako wanaosikia kama masikio yamebanwa, mfano wa mtu anayepanda mlima kwa gari, na wachache huona kizunguzungu. Hao wazime kitufe hicho au waache kutumia. Mawimbi ya kuunganisha hedifoni na simu bila waya nayo ni hafifu kuliko ya simu yenyewe, na kwa hilo simwoni mgonjwa wa kumtisha.

Faida iliyo ya kweli

Ndani kabisa ya sikio kuna mfereji uliojiviringa kama konokono, wenye chembechembe za vinywele zipatazo 15,000. Hizo ndizo zinazogeuza mtikisiko kuwa habari ya kupelekwa kwenye ubongo. Sauti kubwa huzichosha, na ikizidi huziua. Kwa binadamu, chembe hizo zikifa hazioti tena. Hakuna dawa ya hospitali wala ya mitishamba inayozirudisha.

Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi cha kuzingatia. Mtu mzima anaweza kusikiliza sauti ya desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Mtoto, desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Sasa sikilizeni hesabu yake, kwa sababu watu wengi hawaifahamu. Kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa salama hukatwa nusu. Kwa mtu mzima, desibeli 90 ni saa 4 tu kwa juma zima. Desibeli 95 ni saa moja na robo. Desibeli 100 ni dakika 20, na simu nyingi zikifunguliwa mpaka mwisho hufika huko.

Hapo ndipo hedifoni hizi zinaposaidia. Fikiria kijana anayepanda daladala saa moja kwenda chuoni na saa moja kurudi. Injini inanguruma, konda anaita abiria. Akivaa vile visikilizio vya bei rahisi, kelele inaingia, naye anapandisha muziki ili uishinde. Hakusudii kujiumiza, anataka tu kusikia. Kwa siku tano ameshapata saa 10, na kama amefika desibeli 90 amepita kiasi chake zaidi ya mara mbili. Mwenzake aliyepunguziwa ngurumo ile anasikia wimbo uleule kwa sauti ya chini sana. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika ushauri wake kwa vijana, linazitaja hedifoni za kuzima kelele kuwa msaada, pamoja na kutopitisha sauti asilimia 60 ya uwezo wa simu.

Wapo wengine wanaonufaika. Muuguzi au mlinzi aliyekesha kazini hupata usingizi wa mchana hata kama jirani ana jenereta. Mwanafunzi katika nyumba ya vyumba viwili yenye watu tisa hupata mahali pa kusomea. Tena hahitaji kuweka muziki. Anaweza kuwasha kile kitufe cha utulivu peke yake. Watoto wenye usonji, ambao kelele za sokoni au za kipaza sauti huwatesa kweli, hutulia wakifunikwa masikio. Kwa hao, hata hivyo, zivaliwe wakati wa shida na kuvuliwa baadaye, maana sikio lililozoea ukimya wa kutwa nzima huzidi kuogopa sauti ndogo.

Hasara zake

Kwanza, kinachopunguzwa ni kelele za nje tu. Muziki wa ndani unaongozwa na kidole chako. Mtu anaweza kulipa dola 400 na bado kujiua masikio chumbani kwake kimya kimya, akidhani bei ndiyo kinga. Mzazi asiulize hedifoni imegharimu kiasi gani, aulize sauti iko wapi. Kama wewe uliye umbali wa mkono unasikia maneno ya wimbo unaochezwa masikioni mwa mwanao, sauti imezidi.

Pili, barabarani. Watafiti wa Marekani walikusanya ajali 116 za waenda kwa miguu waliokuwa na hedifoni masikioni kati ya mwaka 2004 na 2011. Zaidi ya nusu waligongwa na treni, na watu saba katika kila kumi walikufa. Hapa kwetu kuna pikipiki zinazopita kushoto na kulia, na pasipo njia ya miguu. Sheria ya nyumbani iwe moja: kwa miguu, kwa baiskeli au juu ya bodaboda, hedifoni shingoni. Dereva wa bodaboda naye asivae, na abiria ana haki ya kumwambia avue. Mama aliye peke yake na mtoto mchanga, au mwenye chungu jikoni, asijizibe masikio yote mawili.

Tatu, mtu mwenye mlio wa kudumu masikioni, kama nyenje au filimbi, mara nyingi huusikia zaidi katika ukimya. Kwake yeye redio ya sauti ya chini hufaa kuliko utulivu mkubwa.

Nne ni mambo ya mfukoni. Betri huchoka baada ya miaka michache na nyingine hazibadilishiki kwa fundi wa kawaida. Mito hupasuka. Na bidhaa bandia zimejaa madukani, zenye nembo kubwa na kitufe kisichofanya lolote. Kabla ya kulipa, simama karibu na feni au jenereta ya duka, vaa bila muziki, washa kitufe. Ngurumo isipopungua waziwazi, rudisha. Siku hizi zipo pia zinazozima kelele kwa kweli kwa chini ya dola 100. Haziko sawa na zile kubwa, lakini kwa safari ya daladala zinatosha. Mimi kwa maoni yangu, familia yenye ada ya kulipa isiingie deni kwa ajili ya zile za milioni.

Anayezihitaji siye anayeziomba

Hapa niseme jambo linalonisumbua. Tunapokea wanaume wa miaka arobaini ambao wake zao wanalalamika kwamba hawasikilizwi. Ukiwahoji, mmoja ni wa mashine ya kusaga, mwingine seremala wa mashine ya randa, mwingine anachomelea vyuma. Kipimo chepesi cha kazini ni hiki: ukilazimika kupaza sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele hiyo imefika desibeli 85 au zaidi, na wao wanakaa humo saa nane kila siku. Hedifoni za muziki, hata ziwe za bei gani, si kinga ya kazini. Kinga yao ni vifuniko vigumu vya masikio vinavyouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, vyenye kiasi cha desibeli zinazopunguzwa kilichoandikwa juu yake, au vizibo vya sponji vinavyominywa na kuingizwa sikioni. Vyote hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya hedifoni. Pamba haizuii kelele. Mwenye mashine anunue vifuniko viwili, kimoja chake na kimoja cha kijana anayemsaidia.

Na tukiwa hapo, spika za kwaya na za kumbi zetu za harusi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba katika kumbi za muziki wastani wa sauti usizidi desibeli 100. Wapo watoto wanaokalishwa mbele kabisa ya spika kwenye sherehe za Kipaimara kwa saa tano. Wahamishieni nyuma.

Babu anayefungulia redio mpaka nyumba ya tatu naye hahitaji hedifoni. Aanze kuangaliwa masikio, kwani huenda ni nta tu iliyoziba, na hiyo hutolewa zahanati kwa dakika chache. Isitolewe nyumbani kwa njiti wala kwa ufunguo. Kama si nta, apelekwe kwa wataalamu wa masikio. Wapo Muhimbili, KCMC na Bugando.

Kuhusu usafi: zile za kuingiza ndani ya tundu la sikio zisiazimwe hata kwa ndugu, zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, na mwenye sikio linalotoa usaha asizitumie mpaka apone.

Baada ya sherehe au kazi, masikio yakiwa mazito au yakivuma, yapumzishe. Hali hiyo ikipita siku moja bila kuisha, njoo tuyaangalie. Lakini mtu anayeamka sikio moja limekufa ghafla, bila maumivu, asisubiri wala asitie mafuta. Kuna vidonge vinavyoweza kusaidia vikianzwa siku za mwanzo, na baada ya majuma mawili nafasi hiyo hupungua sana. Aje siku hiyo hiyo.