Kota ya kobalti: Kolwezi inahitaji wanasheria wake

Tarehe 22 Februari 2025, Serikali ilisimamisha kobalti kutoka inje, juu bei ilikuwa imeanguka sana. Tarehe 16 Oktoba, ARECOMS ikafungua mlango kwa kota: tani 18 125 mpaka mwisho wa mwaka, kisha tani 96 600 kwa 2026, na vilevile kwa 2027. Hapa Kolwezi, mufanyakazi anafuata hesabu hizo, maana mukate wake uko ndani.

Wenzangu wanauliza: Serikali iko na haki? Jibu haliko Kinshasa tu, liko Geneva pia. Congo ni memba wa OMC tangu tarehe 1 Januari 1997. Artikli ya 11 ya mkataba wa GATT inakataza kota juu ya vitu vinavyouzwa inje. Kutoza kodi, ndiyo. Kuweka kota, hapana. Artikli ya 20 inaacha mlango mudogo: nchi inaweza kulinda mali ya udongo yenye kuisha, lakini ijikaze nayo pia ndani, kwa uchimbaji ama kwa matumizi. China ilipita mlango huo juu ya madini adimu, ikashindwa mwaka 2014. Indonesia ilishindwa juu ya nikeli mwaka 2022, ikakata rufaa, na rufaa ingali njiani: tangu Desemba 2019, OMC haina waamuzi wa rufaa wa kutosha.

Ni kweli, sheria inaomba wengine watuvumilie, sisi nchi masikini. Lakini uvumilivu si ushindi.

Kwetu kobalti na shaba vinatoka mara nyingi mu jiwe moja. Shaba inaendelea kwenda, kobalti inabaki mu depo. Mutu asiyejua hilo atatutetea namna gani mbele ya waamuzi?

Njo maana ninasema: watoto wetu wasome sheria ya biashara ya kimataifa mpaka juu kabisa, wasiishie lisansi. Sheria ya Madini ya 2018 inaomba kampuni itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Visima na masomo tunavihitaji, ni kweli. Lakini burse mbili tatu kwa mwaka hazitamaliza makuta hayo. Wandugu wa sindika, siku ya kuzungumza juu ya makuta hayo, ombeni burse hizo ziandikwe.