Prosesa ya Bei Nafuu: Uliza Soketi Kabla ya Jina

Msimu wa wanafunzi kuomba nafasi za vyuo na mikopo ya HELB unapofika, saiba za Matungu hujaa, kuanzia Mayoni hadi Koyonzo. Kompyuta huanza kukwama, na mwenye saiba hushauriwa na kila mpita njia: "Weka i7." Ushauri huo ni wa kupoteza pesa.

Jina i7 ni la daraja, nalo limetumiwa na Intel tangu 2008. Core i7-2600 ya 2011 ina kori nne. Core i5-8400 ya 2017 ina sita. Kinachokueleza umri wa prosesa ni namba inayofuata kistari: i5-4570 ni ya kizazi cha nne, i5-8400 ya kizazi cha nane, i5-10400 ya kizazi cha kumi.

Kompyuta nyingi za bei ya chini zinazotufikia ni mitumba ya maofisini ng'ambo: Dell OptiPlex, HP EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Madabodi za mashine hizi hazipokei prosesa yoyote tu. Kizazi cha pili na cha tatu hukaa kwenye soketi LGA1155, cha nne kwenye LGA1150. Kizazi cha sita na cha saba hutumia LGA1151. Cha nane na cha tisa nacho hutumia LGA1151, lakini usidanganyike: chipu ya kizazi cha nane itaingia kwenye madabodi ya kizazi cha saba, na mashine haitawaka.

Herufi ya mwisho nayo ina maana. i5-4570 ina kori nne na imepimwa wati 84. i5-4570T imepimwa wati 35, na kori zake ni mbili tu. Anayekuuzia ya pili kwa bei ya ile ya kwanza hajasema uongo, amenyamaza tu. Ukikuta F, kama i5-9400F, jua kwamba haina uwezo wa kutoa picha. Bila kadi ya picha, skrini itabaki nyeusi.

Mwenye OptiPlex 3020 iliyokuja na i3-4130 anaweza basi kupanda hadi i5-4570 na kuongeza kori kutoka mbili hadi nne bila kubadilisha kitu kingine. Ila mimi ningeanza kwingine. Kama mashine bado inatumia diski ya kuzunguka na RAM ya GB 4, nunua SSD na uongeze RAM hadi GB 8 kwanza. Halafu fungua kasha upulize vumbi. Barabara zetu za matrekta ya miwa si rafiki wa feni, na prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi yenyewe. Wengi hununua chipu mpya kumbe walihitaji brashi na pesti ya kupitisha joto.

Kuna jambo jingine. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa prosesa za Intel, Windows 11 huanzia kizazi cha nane. Saiba hupitisha PIN za KRA na nywila za eCitizen za watu kutwa nzima, kwa hiyo usalama si anasa. Kwa mashine ya kizazi cha nne, ama weka Linux, ambayo hufungua tovuti hizo bila shida, au iuze ujazie ununue ya kizazi cha nane. Kutia i7 ghali ndani yake si chaguo.

Ukiamua kubadilisha, washa kwanza mashine dakika chache ili pesti ya zamani ilainike. Zima, chomoa umeme, shikilia kitufe cha kuwasha sekunde kama kumi, kisha gusa chuma cha kasha uondoe umeme tuli mwilini. Legeza skrubu za kipozajoto kwa kupishana pembe, kiondoe, futa pesti kwa kitambaa chenye spiriti, inua wenzo wa soketi utoe chipu ya zamani. Kwenye Intel hizi, pini ziko ndani ya soketi na ni nyembamba mno. Ikipinda moja, madabodi nzima inaweza kufa. Linganisha vijipengo vya chipu na vya soketi, iache ikae kwa uzito wake, usiisukume, kisha shusha wenzo. Tone la pesti la ukubwa wa punje ya choroko katikati linatosha. Rudisha kipozajoto, kaza kidogo kidogo kwa kupishana, na usisahau waya wa feni.

Kwenye BIOS hakikisha jina la prosesa linaonekana. Na kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji aiwashe chipu hiyo kwenye mashine mbele yako, kwa sababu iliyoungua na nzima hufanana kwa macho.