Waya za meno: Meno ya mbele husogezwaje, na kwa nini usijaribu kwa raba bendi

Una mwanya? Kwa Watanzania wengi huo ni urembo, wala hakuna haja ya kuugusa. Ila wapo ambao meno yao ya mbele yametokeza, yamepandana au yameachana mpaka wanacheka huku wameziba mdomo.

Ukiwa Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, daktari bingwa wa kupanga meno yuko mbali. Kilicho karibu ni simu, na kwenye simu kuna video za watu wanaofunga raba bendi kwenye meno mawili ya mbele ili kuziba mwanya.

Usijaribu. Sababu ni hii.

Jino linasogeaje?

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini. Likisukumwa taratibu, mfupa wa upande linakoelekea huliwa kidogo kidogo, na upande linakotoka hujengwa mfupa mpya. Kwa wastani ni kama milimita 1 tu kwa mwezi.

Sasa raba. Jino limechongoka kuelekea mzizini, kwa hiyo raba iliyofungwa peke yake huteleza, ikaingia chini ya ufizi na kupanda mzizini kimyakimya. Mfupa unaliwa, meno yanalegea. Madaktari wameshaandika kuhusu wagonjwa waliopoteza meno yote mawili kwa njia hii.

Daktari anatumia waya gani?

Vishikizo vidogo hugandishwa kwenye meno, kisha waya hupitishwa humo. Waya hubadilishwa kulingana na kazi:

• Kunyoosha. Huanza waya laini ya nikeli na titani. Ukiikunja, inarudi kwenye umbo lake, na inaporudi inavuta meno. Daktari George Andreasen wa Marekani ndiye aliyeiingiza kwenye tiba ya meno miaka ya 1970.

• Kurudisha nyuma. Meno yaliyotokeza huhitaji waya ngumu zaidi, mara nyingi ya chuma cha pua, wakati mwingine yenye vitanzi vinavyovuta kama springi.

• Kupandisha. Kuna watu meno yao ya juu hufunika ya chini karibu yote. Hapo hutumika waya maalumu inayoanzia magego ya nyuma, inayaruka meno ya katikati, inashika ya mbele tu. Daktari Robert Ricketts wa Marekani anajulikana sana kwa waya ya aina hii.

Nguvu inayohitajika kupandisha jino moja ni kama gramu 10 hadi 20, yaani uzito wa karatasi 2 hadi 4 za A4. Ikizidi sana, mzizi unaweza kufupika, na mzizi uliofupika haukui tena. Ndiyo maana kazi hii haifanywi kwa kukisia.

Ni urembo tu?

Hapana. Meno ya juu yaliyotokeza huvunjika kirahisi mtoto akianguka kwenye baiskeli au uwanjani. Meno yaliyopandana ni magumu kusafisha. Mtoto wa miaka 7 tayari anaweza kuangaliwa, hata kama matibabu yatasubiri.

Uanzie wapi?

Anza na kliniki ya meno ya hospitali iliyo karibu nawe, kisha uombe rufaa. Kabla ya kukubali kufungwa waya, uliza haya:

1. Nitapigwa eksirei kwanza?
2. Nani ataniona kila baada ya wiki 4 hadi 8, na nauli ya Mwanza nitaimudu mpaka mwisho?
3. Bima yangu inagharamia?
4. Waya zikitolewa, nitapewa kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi?

Asiyeweza kujibu la kwanza na la pili, usimwachie mdomo wako. Meno ya utu uzima yakitoka, hayaoti tena.