Nyanya ya Rusizi hubeba mafuta yasiyoonekana

Mama anayevuka daraja la Ruzizi I kuelekea Bukavu na kikapu cha nyanya kichwani hachomi hata tone la mafuta. Ukitazama hapo tu, biashara ya mboga kati ya Kamembe na Bukavu ni safi kuliko nyingi katika kanda yetu. Lakini nyanya hiyo imekwisha kula nishati kabla haijafika mbele ya afisa wa forodha, na gharama yake imo katika bei ya shambani.

Anza na mbolea. Urea hutengenezwa viwandani, mara nyingi kwa gesi asilia, ikaja kwa meli hadi Dar es Salaam au Mombasa, kisha kwa malori mpaka huku magharibi mwa Rwanda. Ndiyo maana vita ya Ukraine ilipozuka mwaka 2022 mbolea ilipanda bei hata kwa mkulima wa Bugarama.

Ikishamwagwa shambani, sehemu ya naitrojeni yake hugeuka naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto mara 273 kuliko hewa ukaa. Jopo la Umoja wa Mataifa kuhusu tabianchi hukadiria kwa kawaida kwamba asilimia 1 ya naitrojeni hupotea hivyo. Tupige hesabu. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Joto lake ni sawa na kilo 100 hivi za hewa ukaa. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7. Mfuko mmoja, basi, ni kama kuchoma lita 37 za dizeli, bila kuhesabu kiwanda, meli, lori wala pampu ya kumwagilia wakati wa kiangazi.

Mkulima anayefukia urea kidogo kidogo karibu na shina na kuchanganya na samadi hutumia mifuko michache. Muulize kabla ya kupatana bei.

Mchuuzi naye ana sehemu yake: uozo. Kati ya kilo 20, tano zikioza kwenye foleni, mbolea na mafuta ya zile 20 vyote vinabebwa na kilo 15. Mzigo wa kila kilo umepanda kwa theluthi moja, na mtaji vilevile. Mpaka ulipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi walilijua hilo bila kikokotoo.

Chumba baridi kingesaidia, ila kinataka umeme. Mto huu huendesha Ruzizi II, mtambo wa megawati 43.8 ambao Rwanda, Burundi na Kongo zinagawana tangu 1989. Hapa hapa wilayani, Gishoma, ulijengwa mtambo wa megawati 15 wa kuchoma nyiramugengeri, ule udongo mweusi wa kinamasi, unaochafua hewa kuliko hata makaa ya mawe. Nyaya ni zile zile. Mwenye friji hachagui. Kwa sasa kuna kreti badala ya gunia, kivuli, na kuvuna alfajiri.