Ukurasa wa 212 Uko Wapi?

Sogeeni karibu, wajukuu zangu. Hadithi ya leo ni ya kweli.

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, walikuwapo askari wa Marekani waliorudi nyumbani bila macho. Serikali yao ilikuwa imetunga sheria mwaka 1944 ya kuwalipia masomo askari waliotoka vitani. Basi ada ipo, nia ipo, nafasi chuoni ipo. Vitabu je? Vitabu vilikuwa wino juu ya karatasi. Wakaanza kuiandikia barua maktaba ya jiji la New York: tusaidieni.

Namwona mmoja ananyoosha mkono. Kwa nini wasisome nukta nundu? Umeuliza vizuri. Nukta nundu, maandishi ya kusomwa kwa vidole, zilikuwapo tangu zamani. Louis Braille, mtoto wa fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray, Ufaransa, alijichoma jicho kwa chuma cha kutobolea ngozi akiwa na miaka 3, na maradhi yakahamia jicho la pili. Kufika mwaka 1824, akiwa na miaka 15, alikwishapanga alfabeti nzima kwa nukta sita, kadiri inavyoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Ufaransa yenyewe ilizikubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya kifo chake. Wakubwa nao wana mwendo wao.

Lakini nukta nundu zinataka karatasi nene na nafasi kubwa. Kitabu cha chuo unachokishika kwa mkono mmoja hugeuka majuzuu kadhaa ya kujaza rafu. Halafu mtu aliyepofuka ukubwani hajifunzi kusoma kwa vidole kwa wiki moja, na mtihani haumsubiri.

Ndipo mwaka 1948 akasimama Bi. Anne T. Macdonald, wa kikundi cha akina mama waliojitolea katika maktaba hiyo. Yeye alishikilia kwamba elimu ni haki ya kila mtu, si hisani. Watu wakaketi mbele ya mashine, wakasoma vitabu vya chuo kwa sauti, na sauti ile ikanaswa kwenye santuri ndogo. Kila upande ulibeba kama dakika 12. Haya, pigeni hesabu. Kitabu cha saa 10 ni dakika 600, yaani pande 50, yaani santuri 25 za kupanga na kugeuza bila kuziona.

Na msidhani kusoma kitabu cha kemia kwa sauti ni kazi ya kila mwenye koo. Ukifika kwenye mchoro utafanyaje? Ukisema tu "kama inavyoonekana kwenye mchoro" ukapita, umemwacha msikilizaji wako njiani. Lazima ueleze kilichochorwa, jedwali ulisome mstari kwa mstari, fomula uitamke hivi kwamba mtu aweze kuiandika upya. Mwenye kuifanya kazi hiyo sawasawa ni yule anayelielewa somo lenyewe.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kiini. Ninyi mnanisikiliza tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi wa chuo hasomi hivyo. Anarukaruka: leo sura ya tatu, kesho tanbihi moja tu, keshokutwa anarudi kutafuta tarehe. Mhadhiri akisema, "Fungueni ukurasa wa 212," wenzake wanafunua. Yeye mwenye kaseti, maana baada ya santuri zilikuja kaseti, anarudisha nyuma, anasikiliza, anapeleka mbele, anasikiliza tena. Akiupata, darasa liko ukurasa wa 215.

Dawa ilianzia Uswidi, katika maktaba ya taifa ya vitabu vya sauti, na mwaka 1996 mashirika ya nchi kadhaa yakaungana kuiendeleza. Mfumo huo unaitwa DAISY. Ndani yake sauti imewekewa alama kwenye kila sura, kila kichwa kidogo, kila ukurasa. Unabonyeza namba, unafika. Maandishi nayo yanaweza kwenda pamoja na sauti, sentensi inayosomwa ikiwaka rangi. Hapo wakafaidika wengine kabisa: wenye disleksia, ambao macho yao ni mazima na akili zao ni nzuri, ila kuziunganisha herufi na sauti zake kunawachosha mno. Shuleni waliitwa wavivu. Mimi naona vilivyoshindwa ni vitabu.

Ilibaki kufuli moja, ya sheria. Kitabu kilichotengenezwa nchi moja kwa ajili ya wasioona mara nyingi hakikuruhusiwa kuvuka mpaka, kwa sababu ya hakimiliki, basi nchi ya pili inaanza kazi ileile upya. Mwaka 2013, mjini Marrakesh, Moroko, mataifa yakakubaliana kuifungua. Mwanamuziki Stevie Wonder, naye haoni, alikwenda kuwaimbia. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020.

Lakini mkataba haugusi ule mchezo wa kundi la WhatsApp la darasa: mtu anapiga picha notsi, nyingine zimelala upande, anatuma, anaandika "someni." Fungueni faili lolote mlilo nalo, mjaribu kuchagua neno moja kwa kidole. Likikubali, mara nyingi kuna herufi za kweli ndani, na programu kama NVDA, aliyoianzisha kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006 na inayotolewa bure, itazisoma kwa sauti. Likikataa, huenda ile ni picha tupu. Ipitisheni kwanza kwenye programu ya kutambua herufi, kisha mkague kwa macho yenu majina na tarehe zote, kwa maana programu hizo hupenda kuchanganya 1 na l.