Mbuzi miaka 14, ufisadi miaka 10: Na wewe utasema nini kabla hujafungwa?

Hebu tuanze na swali rahisi. Msee mmoja ameiba mbuzi wa jirani kule Kebirigo. Mwingine amekaa kwa ofisi ya serikali akala mamilioni ya barabara. Kati ya hao wawili, ni nani sheria inamtishia na kifungo kirefu zaidi?

Kama umesema wa mamilioni, pole. Kifungu cha 278 cha Kanuni ya Adhabu kinasema mwizi wa mifugo anaweza kufungwa hadi miaka 14. Ng'ombe, mbuzi, nguruwe, punda, hata mbuni yumo. Sheria ya kupambana na ufisadi ya 2003 nayo inasema jela hadi miaka 10, au faini hadi milioni moja, au zote mbili. Ni kweli kuna faini ya ziada, mara mbili ya alichopata au hasara aliyosababisha. Lakini ukihesabu miaka ya jela, mbuzi ameshinda.

Kuku hayumo kwenye orodha ya mifugo. Kumwiba ni wizi wa kawaida, hadi miaka mitatu.

Neno ambalo wengi wetu tunaliruka hapo ni "hadi". Hakimu halazimiki kukupa miaka yote hiyo. Kuanzia kuachiliwa kwa onyo hadi kile kiwango cha juu, ni yeye anayepima. Na kabla apime, anakuuliza swali moja: una lolote la kusema?

Binamu yangu alielewa uzito wa swali hilo akiwa amechelewa.

Kuku watatu

Alikuwa na miaka 22. Alishikwa na kuku watatu wa omong'ina mmoja jirani yetu, upande wa Nyamira. Sitamtetea. Yule mama alikuwa anawafuga awauze alipe karo ya mjukuu. Binamu alikosa dhamana, akakaa rumande wiki tano, kisha akakubali kosa ili mambo yaishe.

Korti ilipomuuliza kama ana la kusema, alijibu, "Naomba msamaha, mheshimiwa." Basi. Faini 20,000 au miezi sita.

Asubuhi hiyo hiyo kuna jamaa mwingine alipigwa faini karibu sawa na hiyo. Kaka yake akatoa simu, akalipa, na kabla ya saa sita walikuwa wameshakula na kuondoka. Karatasi zao zilifanana. Ila mmoja alilala kwao na mwingine akapanda lori la magereza.

Mamake binamu anachuma majani chai. Alizunguka kwa chama na kanisani akapata 7,000. Akaambiwa na watu wa kijijini kwamba kama si 20,000 kamili hakuna kitu. Akazirudisha pesa kwa wenyewe.

Walimdanganya bila kujua. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai inasema aliyefungwa kwa kukosa faini akilipa sehemu, siku zake zinapunguzwa kwa kiwango hicho hicho. Zile 7,000 zingemtolea zaidi ya theluthi moja ya kifungo. Hiyo ni kama miezi miwili, manze, iliyorudishwa kwa chama.

Vitu vya kusema

Nimeuliza mawakili wawili wa mjini Kisii, nikasoma sheria zenyewe. Kama uko kizimbani bila wakili, haya ndiyo ya kukumbuka.

Sema hali yako ya pesa. Mwongozo wa mahakama kuhusu adhabu, uliotolewa 2016 na kurekebishwa 2023, unataka faini iangalie uwezo wa mtu. Hakimu hawezi kujua unapata 300 kwa siku kwenye boda usipomwambia. Omba pia muda wa kulipa.

Sema siku ulizokaa rumande. Kifungu cha 333 kinataka korti izizingatie inapohesabu kifungo.

Omba huduma kwa jamii. Kuna sheria yake tangu 1998. Kosa likiwa la miaka mitatu kushuka chini, au hakimu akiona kosa lako halistahili zaidi ya hiyo mitatu, anaweza kukuagiza ufanye kazi ya umma ukitokea nyumbani. Afisa wa probesheni ataandika ripoti kwanza, kwa hivyo taja mzazi, chifu au mtu yeyote anayekujua.

Taja aliyekosewa. Kifungu cha 31 kinaruhusu korti kuamuru alipwe fidia. Binamu alirudi nyumbani akiwa amemaliza kifungo na yule omong'ina hajarudishiwa hata kifaranga. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye aliyeonewa zaidi.

Na hata ukikubali kosa, bado unaweza kupinga ukubwa wa adhabu. Una siku 14 za kukata rufaa. Kisii iko na Mahakama Kuu, na Nyamira pia.

Pale ambapo maneno hayasaidii

Sasa kuna makosa ambayo hata ukiongea kama wakili, mkono wa hakimu umefungwa. Desemba 2017, kwenye kesi ya Francis Muruatetu na mwenzake, Mahakama ya Juu ilisema si haki kumlazimisha jaji kutoa hukumu ya kifo kwa kila muuaji bila kusikiza utetezi wake wa mwisho. Watu wengi magerezani walishangilia. Lakini Julai 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba uamuzi huo ulihusu mauaji pekee.

Kwa hivyo wewe na beshte yako mkimnyang'anya mtu simu kwa nguvu pale Daraja Mbili, kwa sababu tu mko wawili, hilo linaweza kuwa wizi wa mabavu. Adhabu iliyoandikwa ni kifo. Kenya haijanyonga mtu tangu 1987, lakini kungoja kitanzi kisichokuja si maisha.

Ni vivyo hivyo kwa makosa ya kingono. Ukishiriki mapenzi na msichana wa miaka 16 au 17, kiwango cha chini ni miaka 15. Julai 2024 Mahakama ya Juu ilisema viwango hivyo vya chini ni halali, na anayeweza kuvibadilisha ni Bunge. Watoto lazima walindwe, hapo sina ubishi. Ila kijana wa miaka 18 aliye na mpenzi wa 17 na mzee wa 50 anayewinda watoto wa shule hawafai kupimwa kwa kipimo kimoja.

Haki iko?

Mimi naona iko nusu. Vitabu vimeandikwa vizuri kuliko tunavyodhani, kuna njia nyingi za kumsaidia mtu mdogo. Shida ni kwamba nyingi zinangoja uziombe, na anayezijua ni yule anayeweza kulipa wakili. Asiye na pesa anaadhibiwa mara mbili, kwanza kwa kosa lake, pili kwa kutojua.

Binamu siku hizi anafanya kazi ya mjengo Keroka. Mwaka jana alipopata malipo ya kwanza alinunua kuku watatu, akawapeleka kwa yule omong'ina jioni, giza likiingia. Hakuna korti iliyomwamuru. Mama aliwapokea, akawahesabu, akamwambia wale wake walikuwa wanataga.